Muhula wa Vuli si wa Mtihani Pekee

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo wafasiri wetu wamelionea kwa muda mrefu. Neno lenyewe ni vuli. Kila wanapokutana, katika vitabu vya Ulaya na Marekani, na yale majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi kisha yakapukutika, wao hulinyakua neno vuli na kulibandika hapo. Msomaji wa Mombasa au wa Machakos anapoambiwa kwamba vuli imeingia na miti ikabaki mitupu, hana budi kushangaa, kwani kwake yeye mambo ni kinyume kabisa. Vuli ni mvua. Ni zile mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, zinazokuja pepo za kusi zikisha kulegea na za kaskazi hazijatia nguvu. Mkulima wa Ukambani huitegemea vuli hata kuliko masika. Hayo kwetu ndiyo majira ya kupanda na ya kuchipua.

Nimelitanguliza neno hili kwa sababu muhula wa tatu wa shule zetu za msingi huangukia msimu huo. Katika miaka ya karibuni muhula huo umekuwa ukianza mwishoni mwa Agosti na kumalizika mwishoni mwa Oktoba, wiki tisa hivi kwa jumla. Wenzetu wa nchi za kaskazini, wakati uo huo, ndio kwanza wanafungua mwaka wa shule. Watoto wageni hupokewa, wazazi huitwa wajuane na walimu, maboga na matofaa ya mavuno hupangwa darasani, na shule nzima huwa na shamrashamra. Sisi huwa tunafunga mwaka. Lau tungefuata mantiki ya mambo, kufunga mwaka kungekuwa na shamrashamra zaidi, maana anayefunga mwaka ana mavuno ya kuonyesha. Lakini nenda leo katika shule yoyote ya msingi mwezi wa Septemba. Utakuta kimya. Uwanja umeota nyasi, vyama vya wanafunzi vimesimamishwa, na mzazi akionekana langoni huulizwa amefuata nini.

Kimya hicho kina historia yake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, ulikuja na mtihani wa KCPE mwishoni mwa darasa la nane. Kwa miaka 38 mtihani huo ulikuwa ndio mlango mwembamba wa kuingilia shule za upili. Alama zake ziliamua nani aende shule ya kitaifa, nani aende ya kutwa ya jirani, na nani arudi nyumbani. Si ajabu kwamba muhula wa tatu uligeuka kuwa kambi ya vita. Na si darasa la nane peke yake lililoingia kambini. Hata mtoto wa darasa la pili, ambaye alikuwa na miaka sita mbele yake kabla ya kuuona mtihani huo, aliamriwa asicheke kwa sauti kwa vile kaka na dada zake walikuwa wakidurusu.

Kisha ikaja amri ya mwaka wa 2016. Wizi wa mitihani ya kitaifa ya mwaka uliotangulia ulikuwa umefikia kiwango cha kutia aibu, matokeo ya maelfu ya watahiniwa wa KCSE yalifutwa, na bodi ya baraza la mitihani ikavunjwa. Wizara ya Elimu, chini ya waziri Fred Matiang'i, ilipiga marufuku shughuli za kijamii shuleni katika muhula wa tatu: siku za maombi, siku za kutuza wanafunzi, ziara za wazazi na mengineyo. Sina ugomvi na sababu ya amri hiyo. Ilijulikana wazi kwamba baadhi ya siku hizo za maombi zilikuwa pazia la kupitishia karatasi za mtihani, na mwizi akitumia mlango, mwenye nyumba ana haki ya kuufunga.

Ila mlango ukifungwa kwa ajili ya mwizi, wenye nyumba nao hubaki nje. Marufuku hiyo imekuwa ikikumbushwa karibu kila mwaka tangu wakati huo, na walimu wakuu, kwa hofu ya kulaumiwa, wameipanua hata ikafunika mambo ambayo hayahusiani na mtihani wowote. Nami nasema kwamba wakati wa kuitazama upya, kwa upande wa shule za msingi, umefika.

Kwanza, KCPE yenyewe haipo tena. Ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na waliokalia madawati hayo walikuwa watahiniwa wapatao milioni 1.4. Badala yake, mtoto wa gredi ya sita hufanya tathmini ya KPSEA, iliyoanza mwaka wa 2022. Tathmini hii haimzuii mtoto yeyote kuingia sekondari msingi, na mchango wake katika matokeo ya mwisho ya gredi ya tisa ni asilimia 20. Mfumo mpya wa umilisi umejengwa juu ya nguzo ya kwamba mtoto hutathminiwa mwaka mzima kwa yale anayoweza kuyatenda, na kwamba mzazi ni mshiriki katika safari hiyo. Basi tumebadilisha mtihani, tumebadilisha vitabu, tumebadilisha hata majina ya madarasa. Lakini muhula wa tatu tumeuacha katika magwanda yake ya zamani. Mvinyo mpya unahitaji viriba vipya, nasi tumeung'ang'ania mtungi wenye ufa.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, shule ya msingi katika nchi hii si jengo la kufanyia mitihani. Tangu mwito wa Harambee ulipotolewa mwaka wa 1963, sehemu kubwa ya shule zetu zilijengwa na wanakijiji wenyewe. Kina mama walibeba maji na mchanga, kina baba walipasua mawe, na aliyekuwa hana pesa alitoa kuku akapigwa mnada. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo Januari 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja, na waliofinyana ili watoto hao wapate pa kukaa walikuwa ni wanakijiji wale wale. Katika maeneo mengi ya mashambani, shule ndiyo ukumbi wa mikutano, ndiyo kituo cha kupigia kura, ndiyo mahali pa kugawia chakula wakati wa njaa, na ndiyo uwanja wa mpira wa vijana. Jamii ikifungiwa shule yake kwa robo ya mwaka, itajifunza kuishi bila shule hiyo. Na shule iliyozoea kuishi bila jamii itajifunza kuidharau.

Hapa naomba niingie katika uwanja wangu, ambao ni lugha. Nimewahi kualikwa katika mikutano kadhaa ya wazazi katika shule za msingi, mijini na mashambani. Katika mmoja wa mikutano hiyo, shuleni ambako sitakutaja, mwalimu mkuu alisimama mbele ya wazazi wapatao mia mbili, wengi wao wakulima na wachuuzi, akasoma taarifa ya fedha kwa Kiingereza kwa muda wa dakika arubaini. Alitaja makadirio, salio, mchango wa maendeleo na ada ya chakula. Kisha akaomba wanaokubaliana nayo wainue mikono. Mikono ikainuka. Nyanya mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami, aliyekuja kwa niaba ya mjukuu wake, aliinua wake pia, halafu akanigeukia na kuninong'oneza: "Mwanangu, tumekubali nini?"

Swali la nyanya huyo ndilo swali la makala haya. Mikono mia mbili ilikuwa imeinuka, lakini makubaliano hayakuwapo. Katika taaluma yetu tunafundisha kwamba mawasiliano hayakamiliki msemaji anapomaliza kusema. Hukamilika msikilizaji anapoelewa na kupata nafasi ya kujibu. Pasipo hilo, kilichobaki ni sauti tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inataka kila shule ya umma iwe na chama cha wazazi, na kila mzazi mwenye mtoto shuleni humo ni mwanachama. Haikusema kila mzazi anayejua Kiingereza. Nayo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Tena inaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili. Kwa hivyo mwalimu mkuu anayezungumza na wazazi wake kwa Kiswahili, au kwa Kikamba, au kwa Kiluo pale ambapo wote ni wasemaji wa lugha hiyo, hafanyi hisani wala hashushi hadhi ya shule. Anatimiza wajibu wake.

Jambo hili lina mizizi mirefu na michungu. Wengi wetu tuliopita katika shule za msingi miaka ya sabini na themanini tunakikumbuka kile kidude, kibao au kifupa, kilichovalishwa shingoni mwa mtoto aliyeponyokwa na neno la lugha ya mama. Kilipita shingo hadi shingo kutwa nzima, na jioni wote waliokivaa walichapwa. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku mwaka wa 2001. Lakini hebu tufikiri: wale waliovalishwa kidude hicho wakaacha shule, leo ni akina nani? Ndio wazazi na nyanya wanaoketi katika mikutano yetu. Walifunzwa utotoni kwamba ndani ya ua wa shule lugha yao ni kosa. Tusistaajabu basi wakiingia lango lile lile wakiwa watu wazima, wakanyamaza. Mwalimu hulalamika kwamba wazazi wa siku hizi hawashiriki. Yamkini hawashiriki kwa sababu sisi tuliwafunza kunyamaza, nao ni wanafunzi wazuri.

Katika mfumo huu mpya gharama ya kimya hicho imezidi. Mtoto hurudi nyumbani na kazi ya mradi inayomtaka mzazi amsaidie kutafuta vifaa, kupika, kupanda au kuhoji wazee. Maagizo huandikwa kwa Kiingereza katika daftari au katika ujumbe wa simu. Mzazi aliyesoma huyafuata, au huifanya kazi yote mwenyewe. Asiyesoma hubaki akimwangalia mtoto, na mtoto hubaki akimwangalia mzazi. Hapo ndipo tofauti ya tajiri na maskini inapoingia katika daftari la mtoto wa miaka minane, nasi tukaja baadaye kuiita tofauti ya vipawa. Ilhali huenda mama huyo ambaye hakuyaelewa maagizo anajua majina ya mimea ishirini ya dawa na nyakati zake za kuchumwa. Alichokosa ni mtu wa kumweleza kwa lugha yake kwamba ujuzi huo ndio uliotakiwa.

Najua watakaonijibu. Watasema kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia kuanzia gredi ya nne, ndiyo lugha ya kazi, na kwamba mtoto wa maskini anakihitaji kuliko mwingine yeyote. Hilo nalikubali bila kusita. Mtoto afundishwe Kiingereza, tena kizuri. Lakini kumfundisha mtoto Kiingereza darasani ni jambo moja, na kumnyamazisha mamake mkutanoni ni jambo jingine. La pili halijawahi kulisaidia la kwanza. Wengine watasema kwamba tukifungua milango katika muhula wa tatu, wezi wa mitihani watarudi. Nao nawaambia kwamba karatasi za tathmini haziko katika begi la mtoto wa gredi ya pili. Wizara inaweza kuuweka uzio imara kuzunguka madarasa ya mtihani na siku za mtihani, na ikayaacha madarasa mengine yapumue. Usipotofautisha pumba na mchele, utavitupa vyote.

Je, milango ikifunguliwa tufanye nini? Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kuitumia vuli kama vuli. Mvua zinapokaribia, kila shule iandae kitalu chake, na kila mzazi mwenye jembe aitwe siku moja kuchimba mashimo. Kalenda ya taifa imetuwekea siku yenyewe: tarehe 10 Oktoba, iliyojulikana kwanza kama Siku ya Moi, kisha Siku ya Utamaduni, na tangu mwaka wa 2024 inaitwa Siku ya Mazingira. Mwaka wa 2023 serikali iliitenga hata tarehe 13 Novemba kuwa sikukuu ya kupanda miti, lakini shule zilikuwa zimekwisha kufungwa. Tunavyo pia vyama vya 4-K, ambavyo kirefu chake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vyama hivyo vilianza mwaka wa 1962, vikafifia, kisha vikafufuliwa mwaka wa 2021. Jina hilo, tena la Kiswahili, limebeba falsafa nzima ya shule na jamii kwa maneno manne. Miche inayopandwa Oktoba hupata mvua hadi Desemba. Mtoto akirudi Januari huikuta imeshika.

La pili ni kuwaita wazee darasani. Tarehe 20 Oktoba ni Siku ya Mashujaa, iliyochukua nafasi ya Siku ya Kenyatta baada ya Katiba ya 2010. Kwa nini watoto wetu wajue mashujaa wa vitabuni pekee? Katika kila kijiji yuko mkunga aliyezalisha nusu ya wakazi, yuko fundi aliyeezeka paa la kwanza la shule hiyo, yuko mzee anayekumbuka mto ulikopita kabla haujakauka. Waitwe wasimulie kwa lugha zao, na watoto wa gredi ya tano wayaandike masimulizi hayo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Hiyo ni insha, ni tafsiri, ni historia na ni adabu kwa pamoja. Mimi ninayefundisha isimu chuoni nawaambia kwamba mwanafunzi aliyeanza kuandika masimulizi ya bibi yake akiwa na miaka kumi hunifikia akiwa ameshaelewa nusu ya somo langu.

La tatu ni siku ya mavuno ya shule, kabla ya wiki ya tathmini, ifanywe kwa lugha wanayoielewa waliohudhuria. Watoto waonyeshe walichokifanya mwaka mzima, hata kama ni kikapu kilichopinda au shairi lenye vina vilivyolegea. Taarifa ya fedha isomwe polepole kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali, nakala yake ibandikwe ukutani, na kabla ya mikono kuinuliwa, maswali yaulizwe. Ripoti ya mtoto iwe na angalau aya moja ambayo mzazi wake anaweza kuisoma au kusomewa akaifahamu. Tanzania wamefundisha shule zao za msingi za umma kwa Kiswahili tangu mwaka wa 1967, na mzazi wa huko hahitaji mkalimani ili ajue mtoto wake amevukaje mwaka. Simwombi mtu yeyote aige kila la jirani. Naomba ukurasa mmoja tu.

Walimu wenzangu, najua mizigo yenu. Najua madarasa ya watoto themanini, najua fomu zisizokwisha za tathmini, najua mnavyoulizwa kila kitu na kusaidiwa kidogo. Lakini mkono mmoja haulei mwana, na mwalimu anayejifungia na watoto peke yake amechagua kuulea mzigo huo kwa mkono mmoja. Mzazi anayeelewa shule inafanya nini ndiye atakayekutetea siku utakapohitaji kutetewa.

Nanyi wanafunzi wa vyuo vya ualimu, ambao mtazishika shule hizi baada yetu, nawaachia zoezi dogo. Mtakapopelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, chukueni tangazo lolote ambalo shule imewapelekea wazazi, mlifasiri kwa Kiswahili chepesi, kisha mmsomee mama anayeuza mboga karibu na lango. Mwulizeni ameelewa nini. Akijibu sawasawa, shule hiyo ina jamii. Akikaa kimya, msimlaumu. Lisomeni tena lile tangazo, mlipunguze maneno, na mrudi kwake kesho.